Jinsi ya kuzunguka Nürnberg na familia kwa siku moja bila watu kununiana

Wengi wakifika Nürnberg, mji wa jimbo la Bavaria huko Ujerumani, wanafanya kitu kilekile, wanashuka treni Hauptbahnhof, wanatoka nje wanakutana na mnara mkubwa wa ukuta wa zamani, wanaingia mtaa wa Königstraße na kuanza kutembea kwenda mbele, maduka, kanisa, daraja, soko, halafu saa 8 mchana ndo wanagundua kwamba ngome yenyewe waliyoifuata iko juu kilimani na watoto washachoka, mdogo anataka kubebwa, na bibi kakaa kwenye benchi anasema nyie nendeni mimi nawasubiri hapahapa. Ushauri wangu ni mmoja na mengine yote yanatoka humo: anzeni juu, mshuke. Mji wa kale umekaa kwenye mteremko, ngome iko kaskazini juu na stesheni iko kusini, mkianzia ngomeni asubuhi mnateremka mpaka mtoni na baada ya hapo panabaki kamwinuko kadogo tu kuelekea treni ya kurudi. Hata mtu akigoma saa 10 jioni mnakuwa mshakaribia.

Kabla ya hapo kwanza siku. Jumamosi ndo nzuri kuliko zote kwa mtazamo wangu, soko la Hauptmarkt lipo, maduka yamefunguliwa, makumbusho yamefunguliwa. Jumapili maduka yanafungwa nchi nzima kwa sheria, kwa hiyo msitegemee kununua nepi au maziwa mjini, mtabaki na vile vya stesheni tu, ila makumbusho yanakuwa wazi na mji umetulia. Jumatatu achaneni nayo kabisa kama mna watoto, makumbusho mengi yanafunga siku hiyo na mtaishia kuangalia milango. Na Desemba ni habari nyingine, kuanzia Ijumaa ya kabla ya Jumapili ya kwanza ya Advent mpaka tarehe 24 kuna soko la Krismasi linaitwa Christkindlesmarkt, ni zuri na kuna upande wa watoto pale Hans-Sachs-Platz wenye bembea za kuzunguka, lakini wikendi watu wanajaa mpaka kigari cha mtoto hakipiti, mkitaka kwenda wakati huo nendeni siku ya katikati ya wiki asubuhi.

Tiketi sasa, hapa watu wanapoteza hela bure. Kama mnatoka ndani ya Bavaria, tuseme München au Regensburg au Augsburg, kuna kitu kinaitwa Bayern-Ticket, ni tiketi ya siku nzima, mnaweza kuingia mpaka watu 5 kwenye tiketi moja, unalipia mtu wa kwanza halafu kila anayeongezeka anaongeza hela kidogo tu. Siku za kazi inaanza saa 3 asubuhi, wikendi inaanza usiku wa manane, na inadumu mpaka saa 9 usiku wa kuamkia kesho yake. Inafanya kazi kwenye treni za mikoa tu, zile za kasi za ICE hairuhusiwi, na hili mkaguzi hana huruma nalo. Utamu wake ni kwamba mkishafika Nürnberg tiketi hiyohiyo inawabeba kwenye U-Bahn (treni za chini ya ardhi), tramu na mabasi, hamnunui kingine. Majina yanaandikwa kwenye tiketi, msiache wazi. Watoto chini ya miaka 6 wanasafiri bure, kwa wale wa 6 mpaka 14 someni masharti ya watoto kabla ya kulipa maana mara nyingi kuna nafuu ambayo mashine haikuambii. Kutoka München treni ya mkoa inachukua kama saa 1 na dakika 45, ICE ni kama saa 1, na mimi kwa familia naona hizo dakika 45 si kitu ukilinganisha na bei, labda kama mnatoka Frankfurt ambako ICE ni zaidi kidogo ya saa 2 na treni za mikoa ni safari ya kuchosha kweli. Mwenye Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ya treni za mikoa na usafiri wa miji nchi nzima, yeye ashamaliza, ila mkumbuke ile ni ya mtu mmoja, mkeo au mumeo haiwahusu.

Kama mshafika kwa gari au mmelala kwa ndugu hapohapo Nürnberg basi ulizieni TagesTicket Plus, tiketi ya siku ya usafiri wa mjini, inabeba watu 6 lakini wenye miaka 18 na zaidi wasizidi 2, yaani imetengenezwa kwa ajili ya baba, mama na kikosi cha watoto. Ukiinunua Jumamosi inafanya kazi na Jumapili pia, hiyo wengi hawaijui. Msipande bila tiketi mkisema ni stesheni mbili tu, wakaguzi wanavaa kama abiria wa kawaida na faini ni euro 60 kwa kichwa.

Vitu vya kubeba havihitaji hotuba, koti moja moja hata wakati wa joto (nitasema kwa nini), maji, vitafunwa, sarafu za choo maana vyoo vya stesheni na vingi vya mjini ni vya kulipia, na euro za karatasi kidogo kwa sababu vibanda vingine havitaki kadi. Chupa za plastiki na makopo mnayonunua yana rehani ya senti 25, msitupe, watoto wapeni kazi ya kukusanya na hela ya mashine ya chupa iwe yao. Kigari cha mtoto kinapita lakini mji wote wa juu ni barabara za mawe, kile cha magurudumu madogo kitawatesa mtoto na msukumaji, kama mtoto bado anabebeka chukueni mbeleko au kanga na mtaishukuru ngomeni kwenye ngazi.

Mkishuka Hauptbahnhof msitoke nje. Teremkeni moja kwa moja U-Bahn, chukueni U2 au U3 kuelekea Plärrer, ni stesheni mbili. Hizi treni hazina dereva, U3 ilipofunguliwa 2008 ilikuwa ya kwanza Ujerumani kwenda yenyewe bila mtu mbele, na pale ambapo dereva angekaa kuna kioo kikubwa, kwa hiyo kimbilieni behewa la kwanza kabisa, watoto wasimame mbele waone shimo linavyokuja na taa zinavyopita. Kuna watoto ambao hii ndo itakuwa kilele cha siku yao na ngome baadaye itapewa namba mbili, msibishane nao. Na pale Plärrer mkitoka juu waambieni kwamba treni ya kwanza ya abiria ya injini ya mvuke Ujerumani iliondoka maeneo hayohayo tarehe 7 Desemba 1835 kwenda mji jirani wa Fürth, injini ikiitwa Adler. Kutoka treni ya kwanza mpaka treni isiyo na dereva, mji mmoja, mtoto wa darasa la nne ataielewa hiyo bila kitabu.

Plärrer hapo mnapanda tramu namba 4, mnashuka Tiergärtnertor. Mnaingia mjini kwa geti la kale ambalo njia yake ndani imepinda, iliwekwa hivyo ili adui asiweze kuja kasi moja kwa moja, mnatokea kwenye uwanja mzuri kupita kiasi, nyumba za mbao na mawe, na nyumba kubwa ya kona ndo ya Albrecht Dürer mchoraji, aliishi humo kuanzia 1509 mpaka alipofariki 1528. Katikati ya uwanja kuna sanamu ya sungura mkubwa wa shaba, macho yamemtoka, vidole vya mtu vinachungulia chini yake, imetokana na mchoro maarufu wa Dürer wa sungura wa mwaka 1502 ila huyu mchongaji wa 1984 kamfanya wa kutisha. Watoto wadogo wanagawanyika, wengine wanataka kumpanda wengine wanajificha nyuma ya mama. Nyumba ya Dürer ndani ni nzuri kwa wanaopenda sanaa, kwa familia yenye watoto wa chini ya miaka 8 mimi ningepita nje nikaenda ngomeni.

Kutoka hapo ni kupanda kidogo tu, mlima mkali lakini mfupi, na ndo kupanda pekee kwa maana siku nzima. Uwanja wa nje wa Kaiserburg, ndo ngome yenyewe, ni bure na mandhari ya mapaa mekundu ya mji iko hapohapo ukutani, hamlipi hata senti. Ndani mnalipa lakini watoto chini ya miaka 18 wanaingia bure kwenye majumba ya serikali ya Bavaria, kwa hiyo anayelipa ni mtu mzima peke yake. Kama mnachagua kimoja chagueni Kisima Kirefu, Tiefer Brunnen, kimechimbwa kwenye mwamba karibu mita 50 kwenda chini, mwongozaji anawaonesha kina chake, maji yanamwagwa na watu wote wananyamaza wakisikilizia yafike, na hapo ndipo mtaona hata watoto wenye fujo wanaziba midomo. Mnara wa duara wa Sinwell una ngazi nyingi, wapeleke mmoja wenu na wakubwa, mwingine abaki na wadogo. Halafu tafuteni ukutani alama za kwato za farasi, hadithi inasema jambazi mmoja wa hadhi, Eppelein von Gailingen, alikamatwa akahukumiwa kunyongwa, akaomba mara ya mwisho apande farasi wake, wakamkubalia, akaruka ukuta na handaki akatoweka. Mpaka leo watu wa miji jirani wanawatania watu wa Nürnberg kwamba hawamnyongi mtu mpaka kwanza wawe naye mkononi. (Walimpata baadaye, akauawa 1381, hiyo mtaamua wenyewe kama mnaisema au mnaishia kwenye kuruka.)

Sasa angalieni saa. Saa 6 kamili mchana lazima muwe Hauptmarkt, hii ndo miadi pekee ya siku, kwa hiyo saa 5 na nusu muwe mnatoka ngomeni mkiteremka Burgstraße, kwa miguu ya watoto ni dakika 10 mpaka 15, mnapita kanisa la Mtakatifu Sebald lakini msiingie sasa. Hauptmarkt kuna kanisa la Frauenkirche na juu ya mlango wake kuna saa ya mwaka 1509, ikifika saa 6 kengele zinalia, wapiga tarumbeta wanainua tarumbeta, na wakuu 7 wa milki wanatoka wanamzunguka mfalme Karl wa Nne mara tatu wakimpa heshima. Ni kumbukumbu ya sheria ya 1356 iliyosema nani ana haki ya kumchagua mfalme wa Wajerumani na kwamba kila mfalme mpya kikao chake cha kwanza kifanyike Nürnberg. Inachukua dakika chache tu, si sinema, waandaeni watoto wasije wakategemea fataki. Simameni katikati ya uwanja, siyo chini ya kanisa, karibu sana mnaona mapua tu. Hiyo mpira ya bluu na dhahabu juu ya saa inaonesha mwezi ulipofikia.

Kisha hapohapo pembeni kuna chemchemi ya Schöner Brunnen, mnara wa karibu mita 19 umejaa sanamu 40, ya asili ilijengwa miaka ya 1385 mpaka 1396, hii mnayoiona ni nakala na vipande vya zamani viko Germanisches Nationalmuseum. Kwenye uzio wake kuna pete ya dhahabu-dhahabu inayozunguka, ukiizungusha mara tatu unaomba jambo lako na husemi kwa mtu. Wenyeji wengine wanakwambia hiyo ni ya watalii, ya kweli ni ile nyeusi ya chuma upande wa pili. Zungusheni zote mbili tu yaishe.

Jambo moja kuhusu uwanja huu, na mimi nadhani watoto wa miaka 10 kwenda juu wanastahili kuambiwa: hapa palikuwa mtaa wa Wayahudi, mwaka 1349 uliangamizwa, mamia ya watu wakauawa, na Frauenkirche ikajengwa mahali pa sinagogi lao, kwa idhini ya huyohuyo Karl anayezungukwa pale juu. Maneno mawili matatu yanatosha.

Chakula. Soseji za Nürnberg ni ndogo kama kidole, sentimita 7 mpaka 9, gramu 20 mpaka 25 kila moja, zinalindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya kwa hiyo lazima zitengenezwe ndani ya mji huo, mtaani wanauza tatu ndani ya mkate, "Drei im Weggla", hotelini unapewa 6 au 8 au 12 na kabichi chachu. Lakini wasomaji Waislamu msikilize, hizi ni nyama ya nguruwe, zote za asili, na mara nyingi ukiagiza chakula kingine chochote kinachochomwa kwenye jiko hilohilo ni grili moja, msione aibu kuuliza. Njia rahisi ni kununua matunda, mkate na jibini sokoni Hauptmarkt mkakaa mtoni, au kutafuta falafeli na kebabu za Kituruki ambazo katikati ya mji hazikosekani, hapo mwulizeni muuzaji kama ni halali atawaambia. Kwenye mgahawa maji yanalipiwa na wakati mwingine yanashinda bei ya soda, ndo maana nilisema bebeni. Cha tamu ni Lebkuchen, mkate wa viungo, ukitaka ule wa hadhi tafuta neno Elisenlebkuchen, huo una lozi, hazelnut au walnut zisizopungua robo nzima na unga usiozidi asilimia 10. Nunueni vipande vilivyovunjika kama mkiviona, bei chini, ladha ileile.

Baada ya kula ni kitu kimoja tu cha ndani, kimoja, nasisitiza, msijibebeshe makumbusho matatu. Watoto wa chini ya miaka 8 wapelekeni Spielzeugmuseum, makumbusho ya wanasesere na vichezeo mtaa wa Karlstraße, mji huu umetengeneza vichezeo kwa karne nyingi na kuna sehemu ya kucheza, wazazi mkae mpumzishe miguu. Wanaopenda treni waende DB Museum karibu na stesheni ya Opernhaus, kuna nakala ya ile Adler na behewa la kifahari la mfalme Ludwig wa Pili ambalo ukiliangalia unaelewa kwa nini hazina yake iliyumba. Hii faida yake ni kwamba iko upande wa kusini, inaingia vizuri kwenye safari ya kurudi. Wakubwa kidogo watapenda Felsengänge, mahandaki ya bia yaliyochongwa kwenye mwamba chini ya mji, wakati wa vita watu walijificha humo mabomu yakianguka, mnaingia na mwongozaji tu na humo ndani kuna baridi ya jokofu mwaka mzima, hapo ndipo makoti yanapofanya kazi yake. Kwa kuwa yako upande wa juu, mkiyataka yawekeni kabla ya saa 6 na mpunguze muda wa ngome.

Na hapo mtoto atauliza, kama mabomu yalianguka mbona nyumba za zamani zipo? Jibu ni kwamba tarehe 2 Januari 1945 karibu mji wote wa kale ulibomolewa kwa usiku mmoja na mengi mnayoyaona yamejengwa upya kwa mawe yale yale pale ilipowezekana. Uwanja wa mikutano ya Wanazi na chumba namba 600 cha mahakama, walipohukumiwa viongozi wao kuanzia Novemba 1945 mpaka Oktoba 1946, ni vya kuona lakini si siku hii, ni mbali na katikati na vinahitaji kichwa kilichotulia, rudini na vijana wa sekondari.

Jioni vukeni mto Pegnitz kwa Henkersteg, daraja la mbao lenye paa, hapo aliishi mnyongaji wa mji maana hakuna aliyetaka kuwa jirani yake. Ni pazuri kwa picha kuliko daraja la Museumsbrücke ambako watu wote wamejipanga foleni. Ng'ambo ya mto kuna kanisa la Mtakatifu Lorenz, ingieni dakika 10 tu muwape watoto kazi ya kutafuta mzee aliyepiga magoti akibeba mnara wa mawe mgongoni, ni mchongaji Adam Kraft kajichonga mwenyewe miaka ya 1493 mpaka 1496, mnara wenyewe unapanda kama mita 20 mpaka dari limeulazimisha upinde kichwa. Nje ya kanisa kuna chemchemi ya Tugendbrunnen ambayo maji yanatoka vifuani mwa sanamu za kike, watoto watacheka mpaka wakae chini, wazazi wenye staha jiandaeni tu.

Kutoka hapo Königstraße inawapeleka moja kwa moja mpaka Handwerkerhof, kijiji kidogo cha mafundi ndani ya ukuta mkabala na stesheni, vibanda vya kioo, ngozi, vikaragosi, bei zake ni za watalii ila kuangalia ni bure na watoto wako ndani ya ukuta hawawezi kupotea barabarani. Mkivuka kwenda stesheni subirini taa ya kijani hata kama hakuna gari, mkivuka nyekundu na watoto kuna mzee wa Kijerumani atawasema mbele za watu. Chakula cha njiani nunueni ndani ya stesheni, choo kabla ya kupanda, na kama mna Bayern-Ticket angalieni ubao vizuri, treni ya ICE na ya mkoa zinaweza kwenda München dakika chache tofauti na majukwaa yamefuatana.